Nodi tatu za meshi Mwakirunge, na bado mama hapati video

Mwana_wa_Mwakirunge

Asalaam aleikum, na jioni njema kwa wote. Nimeleta taabu yangu hapa kwa sababu wenye duka walioniuzia wamenichosha na lile jibu lao la "zima uwashe tena", na fundi aliyenifungia hashiki simu.

Nakaa Mwakirunge, ndani ndani huko, ukishaiacha lami. Faiba haijafika. Na hili huniuma kidogo: nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua papa hapa Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikafunguliwa intaneti kupitia mlangoni kwetu, na mimi niliye mwendo wa bodaboda kutoka ufukweni bado nakwangua bando. Basi mwezi wa pili nikapata kampuni inayorusha intaneti kwa mawimbi. Wakaja, wakafunga antena ya sahani juu ya paa, inaangalia mnara ulio upande wa Nguu Tatu, kama kilomita nne hivi. Kifurushi ni cha kasi ya Mbps 20.

Boma letu lina nyumba tatu. Kubwa ni ya marehemu babu, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu dhiraa nzima. Ya pili ni ya mama, matofali ya simenti na mabati, mita 45 kutoka kubwa (nimepima kwa hatua). Ya tatu ni banda la makuti ambamo mdogo wangu hufanyia kazi zake za mtandaoni, mita 30 zaidi ukishapita kwa mama.

Rauta ya kampuni ilikuwa sebuleni kwa babu, na ukitoka sebuleni hakuna kitu. Nikaambiwa dawa ni meshi, vile visanduku vinavyopokezana waifai. Pakiti moja nodi tatu. Nikanunua. Moja sebuleni, moja kwa mama, moja bandani. Taa zote zinawaka vizuri, simu inaonyesha mistari yote imejaa. Lakini kwa mama video inaganda, bandani nikibahatika napata Mbps 2, na jana alasiri hata sebuleni palikuwa na 6. Kabla ya meshi, sebuleni nilikuwa napata 18!

Je, ninunue nodi ya nne niiweke katikati?

Kunguru_wa_Makadara

Ya nne? Nunua mbuzi, ami. Huyo angalau atazaa.

Chumvi_na_Bisibisi

Usinunue chochote. Weka pesa yako mfukoni kwanza, tuongee.

Nafunga hizi antena Likoni, Ng'ombeni hadi Tiwi, na katika kila nyumba kumi ninazoitwa, kosa ni hilo hilo: watu wachanganya safari mbili. Safari ya kwanza ni kutoka mnarani hadi kwenye sahani iliyo paani. Ya pili ni kutoka sahani hadi mkononi mwa mamako. Meshi inahusika na hiyo ya pili tu. Haizai intaneti hata tone moja, inagawa iliyoshuka. Ikishuka 6, hata uwe na nodi ishirini, utagawa 6.

Kwa hivyo pima safari ya kwanza peke yake. Karibu na rauta utaona kisanduku kidogo cheusi cha PoE, hicho ndicho kinachopeleka stima juu paani kupitia waya ule ule wa data. Kina matundu mawili. Lililoandikwa LAN ndilo la kuchomeka laptopu. Lililoandikwa POE usiliguse. Narudia, ukiwa na laptopu mkononi tundu hilo usilitazame hata kwa jicho. Antena nyingi ndogo za nje, kama LiteBeam za Ubiquiti, zinapelekewa volti 24 muda wote, kifaa cha upande wa pili kiwe kinazitaka au hakizitaki. Nishaona TV mpya imechomekwa hapo na mtoto wa nyumba. Haikuwaka tena.

Kama kampuni yako imeweka jina na nenosiri la PPPoE ndani ya rauta, yaani yale ya kuingilia kwenye mtandao wao, laptopu haitapata kitu moja kwa moja. Hapo iache rauta, zima waifai yake, chomoa na meshi, kisha chomeka laptopu kwa waya kwenye rauta.

Pima mara tatu: alfajiri, saa tisa alasiri, saa tatu usiku. Andika kwenye karatasi. Na kama wamekupa njia ya kuingia kwenye ukurasa wa antena yenyewe, andika nguvu ya mawimbi, ile namba ya dBm. Ni namba hasi, iliyo karibu na sifuri ndiyo nzuri. -60 unalala usingizi. -75 unaomba dua.

Mwalimu_Jomvu

Samahani kuingilia. Mimi si fundi, lakini hapa pananitatiza: nodi ya sebuleni si imechomekwa kwenye rauta kwa waya? Mbona sebuleni nako kukashuka?

Chumvi_na_Bisibisi

Mwalimu, umeuliza pale pale.

Sababu moja ni hewa. Hizi pakiti za bei ya kati, nodi zinazungumza zenyewe kwa zenyewe kwa redio ile ile inayohudumia simu. Na redio haiwezi kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Sasa mdogo wake akifungua video bandani, ile data inaruka sebuleni kwenda kwa mama, inaruka tena kwa mama kwenda bandani, kisha bandani kwenda kwenye simu. Mara tatu, hewa ile ile, chaneli ile ile. Ni kama kupokezana ndoo kutoka kisimani, ila aruhusiwa kusogea mtu mmoja tu kwa zamu. Na kama mruko wa kwa mama ni dhaifu kwa sababu unapenya ukuta wa dhiraa moja, nodi zinapunguza kasi ya kuongea ili zisikilizane, kila ndoo inachukua muda mrefu, na aliyekaa sebuleni anangoja zamu yake kama wengine.

Sababu ya pili ni neno alilolitaja bila kulitilia maanani: "alasiri". Hilo ndilo linalonifanya nitake vipimo.

Bi_Mtongwe

Ile mistari ya waifai iliyojaa kwenye simu hudanganya watu sana. Inaonyesha simu inaisikia nodi iliyo karibu nayo. Haisemi nodi yenyewe imepata nini.

Mwana_wa_Mwakirunge

Nimerudi. Nimepima siku mbili, kwa waya, meshi imechomolewa. Mama amelalamika kwamba nimemkatia kabisa, nimemwambia avumilie.

Alfajiri: Mbps 19, mawimbi -63, hayatikisiki.
Saa tisa alasiri: inaruka ruka, mara 14, mara 5. Mawimbi kutoka -64 hadi -78, yanapanda na kushuka nikiyatazama.
Saa tatu usiku: Mbps 11, mawimbi -63, yametulia.

Kwa hivyo kumbe hata bila meshi kuna kasoro?

Chumvi_na_Bisibisi

Kuna mbili, na zimevaa kanzu moja.

Anza na usiku. Mawimbi ni yale yale ya alfajiri lakini kasi imepungua. Maana yake sahani yako inasikia vizuri, ila mnarani kuna watu wengi. Kipande kimoja cha mnara kinagawa hewa yake kwa nyumba zote zinazokiangalia, na saa tatu usiku kila mtu karudi nyumbani. Hiyo si kesi yako, ni ya kampuni. Wapelekee hizo namba zako, pamoja na hiyo -63, ili wasikuambie "antena yako imeinama".

Alasiri ndiyo yako. Mawimbi yanayocheza alasiri na kutulia usiku ni upepo. Ni Julai, kusi inavuma. Panda paani saa tisa, kaa nyuma ya sahani, angalia inakoangalia. Kitu gani kinatikisika?

Kunguru_wa_Makadara

Kinachotikisika ni fundi anayekwepa simu 😂

Mwana_wa_Mwakirunge

Nimepanda. Subhanallah.

Kuna mnazi wa mzee jirani, mita 40 hivi kutoka paa letu. Nikikaa nyuma ya sahani kukiwa shwari, naona minara ya Nguu Tatu kando ya kichwa cha mnazi, pana nafasi ya kama upana wa kidole cha mwisho ukipima kwa mkono ulionyooshwa. Upepo ukija, makuti yote yanalala upande mmoja na kuiziba ile nafasi. Yanarudi. Yanaziba tena. Nilikuwa na simu mkononi, nimefungua ukurasa wa antena: makuti yakiziba, -77, yakirudi, -65. Nilikaa pale nusu saa kama mtu anayetazama mpira.

Fundi alikuja mwezi wa pili, kaskazi, asubuhi. Nadhani siku ile makuti yalikuwa yanalalia upande mwengine.

Tena kuna jambo la kuchekesha. Mzee anagema. Saa kumi na moja mgema wake alipanda kuteremsha tembo, na alipokuwa juu amekumbatia shina, -79. Alipoteremka na kibuyu chake, -65.

Mwalimu_Jomvu

Huyu mgema tumsifu au tunyamaze? 😄

Mwana_wa_Mwakirunge

Mwalimu, tunyamaze kabisa. Nataka intaneti, sitaki tembo la maji.

Swali: mbona nauona mnara kwa macho yangu, na bado mawimbi hayapiti vizuri hata pasipokuwa na upepo mkali?

Chumvi_na_Bisibisi

Kwa sababu mawimbi hayapiti kama uzi wa fundi mwashi. Yanapita kama umbo la mtumbwi: ncha mbili nyembamba, tumbo katikati. Kwa masafa ya 5.8 GHz na kilomita 4, pale katikati ya safari tumbo hilo lina kama mita 7 kila upande wa mstari. Pale kwenye mnazi, mita 40 kutoka kwako, ni kama mita moja na nusu kila upande. Angalau asilimia 60 ya nafasi hiyo iwe wazi. Wewe unaona upana wa kidole, jicho linaridhika. Mawimbi hayaridhiki.

Na majani ya minazi na miembe yamejaa maji. Mti mmoja wenye majani mengi wakula mawimbi ya 5 GHz kuliko ukuta wa mbao.

Saruji_Bamburi

Si ukate tu huo mnazi? Kitu gani.

Mwana_wa_Mwakirunge

Kaka, mnazi wa mtu haukatwi kwa sababu ya YouTube. Huo umesomesha watoto.

Chumvi_na_Bisibisi

Usikate. Sogeza sahani. Mti ulio karibu nawe ndio rahisi kuukwepa, maana hatua chache upande wako zinatosha kuuweka nje ya mstari. Ungekuwa katikati ya safari ungenunua nguzo ndefu mpaka ushike tama. Nenda pembe nyengine ya paa, au kama una mnara wa tangi la maji, weka pale. Tumia bomba la chuma lisiloshika kutu, likizidi mita mbili lifungwe kwa nyaya pande tatu. Bomba likiyumba na upepo, umehamisha mnazi kutoka kwa jirani ukauleta kwako.

Ila sahani ni mali ya kampuni. Waite, wasije wakakuambia umevunja mkataba.

Saruji_Bamburi

Na mvua je? Mimi mvua ikinyesha tu inakufa. Mtaniambia ni mnazi pia?

Chumvi_na_Bisibisi

Kwa kilomita tatu nne na masafa ya 5 GHz, matone ya mvua yenyewe hayapunguzi kitu cha maana. Setilaiti ndizo huumizwa na mvua, maana zinatumia masafa ya juu zaidi. Wewe angalia mambo mawili: majani yaliyolowa mbele ya sahani, na maji yaliyoingia kwenye kichwa cha waya. Mimi naweka pesa yangu kwenye hilo la pili.

Fungua kichwa cha RJ45, kile cha plastiki cha waya wa mtandao, kilicho nyuma ya sahani. Ukiona kijani kwenye zile pini za shaba, hiyo ni chumvi. Huku kwetu hewa yenyewe ni supu. Kata, weka kichwa kipya, paka grisi ya umeme, zungushia utepe wa mpira ule unaojishika wenyewe. Na waya ukiingia ndani ya nyumba uache ulegee uteremke chini ya tundu kwanza, ndipo upande kuingia. Maji yatadondokea pale palipolegea, hayatafuata waya hadi ndani. Mafundi wengi wanauvuta ukanyooka ili upendeze, halafu maji yanateleza moja kwa moja hadi kwenye kisanduku.

Bi_Mtongwe

Ongezea kunguru. Kwangu walijenga kiota nyuma ya sahani, na kiota chenyewe wamesuka kwa vipande vya waya walivyookota huko. Sahani ikainama nyuzi kama kumi. Na mijusi kafiri ndani ya adapta, huyo mmoja alijikaanga akanizimia nyumba nzima. Sasa kila kisanduku nimekitia kwenye dishi la plastiki lenye kifuniko na matundu madogo.

Mwana_wa_Mwakirunge

Habari mpya. Kampuni ilichukua siku tisa, lakini wametuma kijana mwengine, mstaarabu. Nilimwonyesha karatasi yangu ya vipimo, akacheka, akasema wateja hawaleti karatasi. Tumeihamishia pembe ya kusini ya paa, bomba la mita mbili. Mnazi sasa uko kando kabisa.

Alfajiri -58. Alasiri, kusi ikivuma, -58 hadi -60. Kasi kwa waya 19 mchana kutwa. Usiku bado inateremka hadi 11 au 12, kijana amekiri kipande kile cha mnara kimejaa, wanasema wataongeza chengine. Tungoje.

Nimerudisha meshi vile vile ilivyokuwa. Sebuleni 15. Kwa mama 5. Bandani 2.

Chumvi_na_Bisibisi

Vizuri sana. Sasa safari ya pili.

Ukuta wa matumbawe wa dhiraa moja si wa kupigana nao. Mawimbi ya 5 GHz yanafika upande wa pili yamechoka, ya 2.4 yanapenya zaidi lakini ni ya polepole na kila jirani anayatumia. Halafu yakifika kwa mama yanakutana na mabati, ambayo kwa waifai ni kioo, yanarudisha. Dawa ni waya kutoka nyumba kubwa hadi kwa mama. Nodi ya kwa mama ikishapata waya mgongoni, redio yake inabaki ya kuhudumia simu na bandani peke yake.

Mita 45 si kitu, waya wa mtandao unaruhusiwa hadi mita 100. Lakini jibu kwanza: nyumba ya mama ina mita yake ya stima?

Mwana_wa_Mwakirunge

Ndiyo, ananunua tokeni zake mwenyewe.

Chumvi_na_Bisibisi

Basi vuta faiba, si shaba.

Saruji_Bamburi

Aaa, sasa mnamtisha mtu wa watu. Cat6 ya nje, waya wa shaba wa mtandao, bomba la PVC, chimba mtaro, kwisha. Nimefunga namna hiyo nyumba chungu nzima.

Chumvi_na_Bisibisi

Na zinafanya kazi, sikatai. Mpaka siku ya radi. Nyumba mbili zenye mita mbili zina ardhi mbili, kila moja imezika chuma chake. Radi ikipiga mwembe ulio baina yake, volti za ardhi hapa na pale zinatofautiana ghafla, na njia rahisi kabisa ya kuzisawazisha ni huo waya wako wa shaba. Faiba ni kioo, haipitishi stima. Mita 60 iliyokwisha kutiwa vichwa, na vigeuzi viwili vidogo, kimoja kila upande. Bei imeshuka siku hizi, haizidi sana Cat6 nzuri ukijumlisha na vikinga radi.

Mwalimu_Jomvu

Mimi namuunga mkono Chumvi, kwa ushahidi. Masika ya mwaka juzi radi ilipiga mnazi nyuma ya nyumba ya shemeji yangu. Haikupiga nyumba. Ilifuata waya wa mtandao uliokwenda kwa mpangaji, ikaua rauta, nodi mbili, TV na king'amuzi. Vichwa vya waya vilikuwa vyeusi kama utambi wa koroboi.

Saruji_Bamburi

Haya, nimenyamaza. Lakini faiba isikunjwe kona kali, wenzangu, mtakuja kulia. Ukiikunja kama kamba ya mbuzi, taa haipiti.

Chumvi_na_Bisibisi

Hilo kweli, na umelisema vizuri.

Mwana wa Mwakirunge, ukiwa unachimba, mambo machache ya kwenye programu ya meshi:

Rauta ya kampuni inagawa anwani, na meshi yako nayo inagawa anwani zake. Serikali mbili katika nyumba moja. Ingia kwenye mipangilio, itie meshi katika hali ya AP, hapo inakuwa daraja tu na rauta ya kampuni inabaki mkubwa mmoja. Nodi za TP-Link Deco zina chaguo hilo, na nyengine nyingi pia. Usipofanya hivyo intaneti itakwenda, lakini printa iliyoshikana na rauta haitaonekana kwa simu zilizo kwenye meshi, na kamera ukiweka zitakusumbua.

Kama programu inakuruhusu kuchagua chaneli ya 5 GHz, iweke baina ya 36 na 48. Sahani yako iko juu huko kwenye 5.8. Nodi ikikaa chaneli 149 kwenda juu, nayo iko chini ya bati hilo hilo, itaipigia kelele sahani. Za 2.4 chagua 1, 6 au 11, usiweke ya katikati ukidhani umekuwa mjanja.

Na simu ndiyo inayoamua ishike nodi gani, si meshi. Ukitoka sebuleni kwenda kwa mama na simu bado imeng'ang'ania ya sebuleni, punguza nguvu ya nodi ya sebuleni. Watu wanadhani kuongeza nguvu ndiyo dawa.

Bi_Mtongwe

Kuna ugonjwa mwengine ambao hujausema, Chumvi. Kwangu kasi ilikuwa nzuri, lakini mtoto akianza kupandisha picha, simu ya video ya baba inakatika maneno.

Chumvi_na_Bisibisi

Hiyo ni foleni. Njia ya kupandisha kwenye mawimbi mara nyingi ni nyembamba kuliko ya kushusha. Picha za mtoto zinajaa pale kama malori kwenye kivuko cha Likoni, na sauti ya baba, ambayo ni baiskeli tu, inasimama nyuma ya malori. Rauta zenye kipengele cha kusimamia foleni zinaipitisha baiskeli mbele. Kiwashe, kisha ukipe kikomo cha asilimia 90 hivi ya kasi unayopata kweli, ili foleni ijengeke kwako unakoweza kuisimamia, isijengeke mnarani.

Saruji_Bamburi

Na stima ikipotea?

Bi_Mtongwe

Mimi nina betri ya volti 12, Ah 7, zile za ving'ora. Rauta inakula moja kwa moja, sahani inapitia kigeuzi kidogo kinachopandisha hadi 24. Hiyo betri ni Wh 84 kwenye karatasi. Rauta, sahani na nodi moja ni kama wati 20, utaona saa nne, lakini usiikamue yote, ikifika nusu iache, kwa hivyo hesabu saa mbili. Yatosha kumaliza mechi.

Mwana_wa_Mwakirunge

Nimemaliza jana. Mtaro nimechimba mwenyewe na mdogo wangu, udongo wa juu laini, chini mwamba wa matumbawe, mikono imetoka malengelenge. Faiba ndani ya bomba la PVC, kona nimezipinda taratibu kama alivyosema Saruji. Nodi ya kwa mama nimeiweka dirishani upande wa banda, si nyuma ya friji ilipokuwa (najua, najua, msinitukane). Hali ya AP imewashwa, chaneli 40.

Kwa mama 18. Bandani 10, mruko mmoja tu kupitia dirisha na makuti. Sebuleni 18. Usiku wote tunashuka pamoja hadi 11, tunagawana kama ndugu.

Jana baada ya isha mama amempigia dada yake Muscat kwa video. Dakika arubaini. Mwanzoni alikuwa akipaza sauti kama alivyozoea, baadaye akashusha, wakaanza kusengenya polepole, nikajua sasa iko sawa.

Limebaki moja. Mzee wa mnazi alikuja asubuhi akanikuta nafukia mtaro. Akauliza nachimba nini, nikamweleza. Akatazama sahani, akatazama mnazi wake, akasema: "Kwa hivyo miezi yote hii mnazi wangu ulikuwa unakula intaneti?" Nikasema ndiyo, babu. Akasema basi yeye anadai nenosiri.

Nimpe au?

Kunguru_wa_Makadara

Mpe. Na mgema pia.

Chumvi_na_Bisibisi

Mfungulie mtandao wa wageni, umwekee kikomo cha Mbps 3. Nodi ya sebuleni isogeze kwenye dirisha la upande wake, la sivyo utarudi hapa kesho kuuliza ya nne.